Fuata Kilo ya Majani: Namna ya Kulinda Seva Zinazotegemeana

Mkulima wa chai wa Litein au Mogogosiek, nchini Kenya, anapopimiwa majani kituoni, mizani ya kielektroniki husoma uzito, karani huhakikisha nambari ya mkulima, na risiti ndogo huchapwa papo hapo. Kwa mkulima shughuli imekwisha. Kwa kompyuta ndiyo kwanza inaanza. Uzito ule husafiri kwa mtandao wa simu hadi kwenye seva ya mapokezi, nayo huukabidhi kwa hifadhidata. Programu ya malipo huusoma kutoka huko, hukata pesa za mbolea na mkopo wa Sacco, kisha huandaa faili la benki. Pembeni kuna seva ya nne inayomtumia mkulima ujumbe mfupi. Mfano huu wa mashine nne ni wa kuelezea tu. Kiwandani kwako huenda zikawa tatu au kumi na moja, na majina yao yatakuwa mengine.

Siku hizi mashine hizo si lazima ziwe masanduku manne yanayoshikika. Zinaweza kuwa mashine pepe, yaani kompyuta zinazoishi kama mafaili ndani ya seva moja au mbili kubwa. Na faili hunakilika. Programu ya urudufishaji hupeleka mabadiliko ya kila mashine pepe, kila baada ya dakika kadhaa, hadi kwenye seva nyingine iliyo mbali. Seva ya kiwandani ikiungua, ile ya mbali huwashwa. Mafundi wengi huishia hapo. Kila mashine ina nakala, skrini yote ni ya kijani, basi watu hulala usingizi.

Sasa chukua mchana mmoja wa mvua. Nakala ya mwisho ya seva ya mapokezi ilifika saa nane kamili. Ya hifadhidata ilifika saa nane kasorobo. Ya malipo, saa saba na nusu. Saa nane na dakika tatu radi inapiga, nawe unawasha nakala zote. Seva ya mapokezi inaamini kwamba kilo za robo saa ile imeshazikabidhi, kwa hiyo haitazipeleka tena. Mizani kule kituoni zilishajibiwa kwamba zimepokelewa, na huenda zimeshazifuta. Hifadhidata haijawahi kuziona. Hakuna programu itakayolalamika, kwa sababu kila mashine ukiiuliza peke yake ni nzima kabisa. Atakayegundua ni mkulima, mwisho wa mwezi, risiti mkononi.

Hali ya kinyume ni mbaya zaidi. Hifadhidata ikirudi nyuma huku programu ya malipo ikiwa mbele, hifadhidata itaanza kutoa upya nambari za miamala ilizokwisha kuzitoa. Makato ya mtu mmoja yatamwangukia mwingine, na kuyatenganisha ni kazi ya wiki nzima ya mhasibu na madaftari.

Kwa hiyo usilinde mashine, linda kazi. Nakala nne zilizosimama nukta moja ya wakati, hata kama nukta hiyo ni ya dakika ishirini zilizopita, zina faida kuliko nakala nne mpya zisizosikilizana. Kilichokosekana kwa dakika ishirini unaweza kukitafuta kwenye mizani na risiti. Ukweli uliogawanyika vipande vinne hauna pa kuutafutia.

Nani aingie kundini

Kundi ni mashine zinazonakiliwa kwa nukta moja. Ukilipanga, usianze na orodha ya seva. Anza na kilo moja ya majani mabichi na uifuate tangu kituoni hadi kwenye simu ya mkulima, ukiandika kila mashine inayoigusa. Fanya hivyo ukiwa na karani wa kituo na mhasibu wa malipo, maana wao wanajua njia za panya ambazo hazimo kwenye mchoro wa fundi: lile faili la Excel linalopakiwa kila Ijumaa, ile kompyuta ya zamani inayobadilisha mpangilio wa faili la benki.

Kisha kwa kila mashine uliza swali moja. Hii ikirudi nyuma dakika kumi na nyingine zisirudi, kuna kitu kitapotea au kitafanywa mara mbili? Jibu likiwa ndiyo, imo kundini. Likiwa hapana, itoe, hata kama bosi anaipenda. Barua pepe, kamera za langoni, seva ya mafaili ya ofisi, mashine ya mafunzo: zote hizi zinaweza kurudufishwa kivyake, au zisirudufishwe kabisa.

Kishawishi kikubwa ni kutia kila kitu katika kundi moja ili kuwa salama. Usifanye hivyo. Kundi linaloshikana nukta moja huenda kwa mwendo wa mwanachama wake mzito zaidi. Kamera za langoni zikijaza laini, nukta ya pamoja ya kilo na malipo inachelewa kwa sababu ya picha za lori lililoegeshwa. Na mashine moja ikikatika katika urudufishaji, kundi zima huacha kupata nukta mpya.

Tenga pia kwa uzito wa hasara. Mashine zinazohusika na chai iliyokwisha kusindikwa, yaani ghala, magunia na ankara za mzigo unaokwenda mnada wa Mombasa, zina mwendo wake. Mnada huo ni wa kila wiki. Saa nne za ankara zikipotea zinaandikwa upya kutoka kwenye hati za ghala. Kilo za wakulima elfu kadhaa haziandikwi upya kirahisi. Makundi mawili, basi, kila moja na muda wake wa hasara inayovumilika, na muda huo autaje meneja wa kiwanda wala si fundi. Fundi akiachiwa atasema sifuri, na sifuri ni ghali.

Zana, na pale zinapodanganya

Hapa soma kwa makini kabla ya kununua, kwa sababu karibu kila zana ina kitu inachokiita kundi. Kuna makundi ya kuhama pamoja, yaani nakala kuwashwa upande wa pili kwa mpangilio, kwa kubonyeza mara moja. Na kuna makundi ya kusimama nukta moja. La kwanza halikupi la pili.

Urudufishaji wa vSphere wa VMware, kwa mfano, hunakili kila mashine pepe kivyake. Ile programu ya kusimamia uhamaji juu yake inapanga nani awake kwanza, lakini haizilazimishi nakala zipatane kwa sekunde. Ukitaka hilo kwa VMware, kwa kawaida hulipata kwenye kabati la diski ambalo seva huchangia, likirudufisha diski za mashine hizo kama fungu moja. Hyper-V Replica ya Microsoft nayo hutuma kila sekunde 30, dakika 5 au dakika 15, kila mashine kwa saa yake. Proxmox, ambayo wengi wameikimbilia tangu Broadcom iinunue VMware mnamo Novemba 2023 na kubadilisha bei za leseni, hurudufisha kila mashine kwa ratiba yake, kila dakika 15 usipoibadilisha, na inadai diski za ZFS na seva zilizo katika klasta moja. Zerto imejengwa juu ya wazo la kundi tangu mwanzo: huhifadhi mfululizo wa nukta ambazo mashine zote za kundi zinapatana, nawe unachagua nukta ya kurudia. Azure Site Recovery inaruhusu kundi la hadi mashine 16, na Microsoft wenyewe wanaonya kwamba upatanifu huo hula nguvu ya kichakato, usiuwashe bila sababu.

Kiwanda kisicho na pesa za Zerto wala kabati la diski kifanye nini? Kwa maoni yangu, kisihangaike kupatanisha mashine nne. Kipunguze idadi ya mashine zinazoshika ukweli hadi ibaki moja. Panga seva ya mapokezi isiweke chochote kwake isipokuwa foleni, na foleni hiyo iishi ndani ya hifadhidata ileile. Programu ya malipo isomee huko na kuandika huko, isiwe na faili lake la siri. Halafu iache hifadhidata ijirudufishe yenyewe, kwa njia yake, muamala kwa muamala. PostgreSQL na SQL Server zote zinajua kazi hiyo, na zinaifanya vizuri kuliko mtu yeyote anayenakili diski kutoka nje. Zile mashine nyingine zikibaki bila kumbukumbu, nakala yake ya juzi inatosha. Hii ni kazi ya kupanga programu upya, na muuzaji wa programu hatafurahi, lakini hulipa kuliko leseni.

Kuna jambo jingine la gharama ndogo na faida kubwa, nalo liko nje kabisa ya seva. Agiza mizani zisifute kilo mara tu zinapojibiwa. Zikae nazo siku kadhaa. Na kila upimaji uwe na alama isiyojirudia, kama nambari ya mizani ikifuatwa na nambari ya mfululizo wa mizani hiyo, ili hifadhidata ikipokea kilo zilezile mara ya pili izitambue na kuzipuuza. Ukiwa na hayo mawili, baada ya ajali unaziambia mizani zote zitume upya tangu asubuhi, na pengo linajijaza.

Neno moja juu ya ubora wa nakala. Nakala ya kawaida ya mashine pepe inafanana na kompyuta iliyochomolewa stima ghafla: hifadhidata nzuri itaamka na kujirekebisha kutoka kwenye kumbukumbu zake, programu mbovu haitaamka. Zana nyingi zinaweza kuiomba mashine itulize maandishi yake kwanza kabla ya kunakiliwa. Fanya hivyo mara chache kwa siku, si kila dakika tano, kwa maana kila utulivu ni mgando mdogo ambao makarani watauhisi.

Seva ya utambulisho, ile ya Windows inayoshika majina na nywila za watumiaji, usiitie kundini. Washa nyingine hai upande wa pili na uziache zizungumze zenyewe. Kuirudisha nyuma kutoka kwenye nakala ya diski kuliwahi kuvuruga mitandao mingi. Tangu Windows Server 2012 kuna kinga inayoitambua hali hiyo, kama programu inayoendesha mashine pepe inaiunga mkono, lakini kwa nini uitegemee?

Laini na mahali

Pima kiasi cha data inayobadilika kabla ya kukodi laini. Usipime Februari wakati wa kiangazi, majani yakiwa haba. Pima msimu wa majani mengi, na pima tena usiku wa kuandaa malipo na siku za bonasi ya Oktoba. Tuseme kundi lako linabadilisha gigabaiti 40 katika saa nane za kazi. Hiyo ni wastani wa megabiti 11 hivi kwa sekunde. Lakini majani hayafiki kwa wastani. Hufika kwa mafuriko magari yanaporudi kutoka vituoni. Kodi mara tatu ya wastani, la sivyo nukta yako ya pamoja itakuwa nyuma saa ileile ambayo hasara ni kubwa.

Nakala ya kwanza ni habari nyingine. Terabaiti mbili kwenye laini ya megabiti 20 ni zaidi ya siku tisa, laini ikiwa haifanyi kitu kingine. Nakili kwenye diski, ifunge kwa usimbaji fiche, na mtu apande nayo gari. Kutoka kiwanda cha Kericho hadi kituo cha data Nairobi ni kama kilomita 260.

Kuhusu mahali, kosa la kwanza ni kuweka nakala jengo la pili la kiwanda. Mvua ya mawe na radi za nyanda hizi hazichagui jengo, na radi hupenda kuingia kwa nyaya za shaba za mtandao zinazounganisha majengo. (Badilisha nyaya hizo ziwe za nyuzi za kioo, hata kama huna mpango wa kurudufisha chochote.) Kosa la pili ni kuweka nakala mji wa jirani unaokula stima ya laini moja nawe. Na hata umbali si dawa peke yake. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilizimika karibu Kenya nzima, na kabla mwaka haujaisha ikazimika tena. Kwa hiyo swali la kuuliza mwenye kituo cha data Nairobi ni hili: jenereta yako inakwenda saa ngapi bila kujazwa mafuta, na mara ya mwisho uliijaribu lini ikiwa na mzigo?

Kuna wanaopendelea kupeleka nakala Afrika Kusini kwenye mawingu ya kampuni kubwa. Si vibaya, ila wakumbuke tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikaenda kwa kusuasua. Siku kama hiyo nakala yako haisongi, na ukiihitaji, mizani za kituo cha Kapkatet zitakuwa zinaitafuta kwa mwendo wa konokono. Mimi ningeiweka ndani ya nchi, na ya pili ya akiba nje.

Sheria nayo ipo. Nambari ya kitambulisho ya mkulima, simu yake na akaunti yake ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na nakala ina uzito sawa na ile ya asili. Ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Fundi anayesafirisha diski isiyofungwa kwenye matatu amebeba kesi mahakamani.

Siku ya kuhama

Mpangilio wa kuwasha ni rahisi kuueleza: utambulisho na majina ya mtandao kwanza, kisha hifadhidata, kisha malipo, na mapokezi mwisho kabisa. Mapokezi ni mwisho kwa sababu ikifunguka mapema itaanza kumeza kilo zisizo na pa kwenda. Kati ya hatua na hatua usihesabu dakika tu. Hakikisha hifadhidata inajibu swali la kweli, kama vile kilo za jana za kituo fulani, ndipo uendelee.

Kinachoangusha wengi hakimo ndani ya mashine pepe hata moja. Mizani zilizopangwa zitafute seva kwa anwani ya namba badala ya jina zitaendelea kuipigia hodi nyumba iliyoungua; zipange kwa jina, na muda wa kukumbuka jina uwe mfupi, dakika tano hivi. Benki inayokubali mafaili kutoka anwani moja tu itakukataa. Iombe isajili ya pili mapema, kwa barua, maana barua hiyo huchukua wiki. Kampuni ya ujumbe mfupi vivyo hivyo. Kuna leseni za programu zilizofungwa kwenye kifaa cha USB kilichochomekwa nyuma ya seva ya Kericho. Uliza leo.

Halafu kuna hatari ya stima kurudi. Umehamia Nairobi, kazi inakwenda, na saa mbili baadaye Kenya Power wanarudisha umeme kiwandani. Seva ya zamani inaamka yenyewe, kama ilivyopangwa, na baadhi ya mizani zinaipata. Sasa kilo zinaingia sehemu mbili. Zuia hili kabla: mashine za kundi zisijiwashe zenyewe kamwe, na kitu cha kwanza kwenye karatasi ya kuhama kiwe kuthibitisha kwamba upande wa zamani umezimwa au umekatwa mtandao. Asipopatikana mtu wa kuthibitisha, kuhama kusubiri.

Karatasi hiyo iwe karatasi kweli, iliyochapwa, ofisini kwa meneja na nyumbani kwa fundi. Iandike ni nani mwenye ruhusa ya kusema tuhame, na nani baada yake kama simu haishikwi. Nimeona saa tatu zikipotea si kwa sababu ya mashine bali kwa sababu fundi kijana aliogopa kuamua bila bosi, na bosi alikuwa matangani mahali pasipo na mtandao.

Fanya zoezi angalau mara mbili kwa mwaka, mara moja kabla ya bonasi. Nakala ziwashwe katika mtandao uliofungwa pande zote. Nalitilia mkazo hili: zikigusa mtandao wa nje zitafanya kazi yake kwa uaminifu, yaani zitatuma faili la malipo benki na ujumbe kwa wakulima wote, mara ya pili. Kufungwa kwenyewe kupimwe kabla ya mashine ya kwanza kuwashwa. Mwite mhasibu akae kwenye kiti na aandae malipo ya kituo kimoja kwenye nakala, kisha alinganishe na malipo ya kweli senti kwa senti. Fundi akiridhika peke yake, zoezi halijafanyika.

Na urudufishaji usikudanganye ukaacha nakala za akiba. Kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia hurudufishwa kwa bidii ileile kama kilo za majani. Baada ya dakika tano pande zote mbili zimefungwa. Weka historia ya nukta za nyuma za siku kadhaa kama zana yako inaruhusu, na juu ya hapo nakala ya akiba ya kila usiku mahali ambapo nywila za msimamizi wa kila siku hazifiki, na moja ya wiki kwenye diski iliyochomolewa kabisa.

Kurudi nyumbani husahauliwa, na kuna mitego mingi kuliko kwenda. Seva ya kiwandani ikitengenezwa, geuza mwelekeo kwanza: Nairobi irudufishe kuja Kericho, kundi zima, hadi pande zote zipatane. Chagua siku isiyo na majani, au usiku baada ya gari la mwisho kushusha. Funga mapokezi, subiri foleni iishe, chukua nukta ya mwisho, zima Nairobi, washa Kericho kwa mpangilio uleule. Kisha, kabla hujawafungulia watu wa malipo, ziambie mizani zitume upya siku tatu zilizopita na chapisha jumla ya kila kituo. Karani wa kila kituo ana jumla yake kwenye daftari. Vituo vikipatana vyote, fungua malipo. Kimoja kisipopatana, funga hicho kimoja tu, lipa vingine, na umtume mtu akaombe risiti.